LOMBOK: KIJIJI AMBACHO NG'OMBE WANA ZAMU YA LINDO

Itaje Indonesia kijiweni uone. Vijana wengi wa Bongo watakutajia Bali, na mwenye kusoma soma kidogo ataongeza Jakarta. Basi, imetoka hiyo. Nchi ina visiwa zaidi ya 17,000, sisi tumeshika majina mawili, tena moja lenyewe ni la mji!

Leo, msomaji wangu, nakupeleka kwa jirani wa Bali upande wa mashariki, kisiwa kinachoitwa Lombok. Kwa ukubwa ni kama Unguja tatu hivi. Watu wanapita milioni 3, wengi wao ni Waislamu wa kabila la Wasasak, na misikiti imejaa mpaka wenyewe wanakiita kisiwa cha misikiti elfu. Kwa Kijava, neno lombok ni pilipili. Wasasak wanabisha, wanasema kwa lugha yao maana yake ni kitu kilichonyooka. Mimi ubishi huo sikuuingilia, ila nilipoletewa sahani ya kwanza ya mboga yao iliyopakwa kachumbari nyekundu, nililia machozi mbele za watu, nikajua Wajava hawajakosea sana.

Nilifikaje huko? Nilisoma Malaysia, na chumba nilichangia na kijana wa Lombok. Kimalei cha Malaysia na Kiindonesia ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kuongea haikuwa tabu. Mshikaji akanialika kwao, nikakaa wiki 3 kwenye kijiji cha wakulima kusini mwa kisiwa, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki toka ufukwe wa Kuta. Siyo Kuta ile ya Bali inayojaa Wazungu. Lombok nao wana Kuta yao.

BALOZI WA NYUMBA KUMI, TOLEO LA KIINDONESIA

Jioni ya kwanza, kabla hata sijaoga, baba mwenye nyumba akanishika mkono tukaenda kwa mkuu wa kitongoji. Mgeni anayelala lazima aripotiwe ndani ya saa 24, na kibao cha kusema hivyo kimepigwa misumari pale njia ya kitongoji inapoanzia. Mkuu akatoa daftari, akaandika jina, nchi, nimefikia kwa nani, naondoka lini. Nilijiona nimerudi enzi za balozi wa nyumba kumi. Utaratibu wa kuwapanga watu kwa vikundi vya nyumba za jirani ulianzishwa na Wajapani walipoitawala nchi hiyo mwaka 1942 hadi 1945. Wajapani wakaondoka, daftari likabaki.

Kwenye heshima, Wasasak hawana utani. Baba mtu mzima anaitwa Amaq na mama anaitwa Inaq, na mara nyingi jina linalofuata ni la mtoto wa kwanza, kama sisi tunavyosema Baba Fulani na Mama Fulani. Mzee wangu nikawa namwita Amaq, naye akaniita anak, yaani mwanangu. Watoto wa mtaani ndio walioniita "mister" kutwa nzima, jina wanalompa kila mgeni, awe mwanamume au mwanamke.

Raha nyingine ni maneno. Wanasema dunia, sisi tunasema dunia. Wanasema meja, sisi meza. Bendera ni bendera. Riziki wanaiita rezeki, habari wanaiita kabar, sabuni ni sabun. Waarabu na Wareno waliotupitia sisi ndio hao hao waliowapitia wao. Nikasema kwa sauti "meja", Inaq akafikiri nimejifunza Kiindonesia kwa siku moja. Nikamwacha afurahi.

Nyumbani mgeni hakaribishwi ndani. Anakaa kwenye berugaq, kibanda cha wazi chenye nguzo 4 au 6 na jukwaa la kukalia, kama baraza la nyumba za Pwani lililohamishiwa uani. Hapo ndipo wanapokunywa kahawa, wanaposuluhisha ugomvi, wanapolala mchana. Na kahawa yao ina vituko, mchele wa kukaanga unasagwa pamoja na buni. Sigara zao ni za kretek, zimechanganywa na karafuu. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia, zikaletwa Zanzibar na kustawi katika karne ya 19. Baadaye viwanda vya kretek vikawa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Zanzibar. Kwa hiyo Mzanzibari akisikia harufu ile, asishangae akikumbuka kwao.

BENKI YENYE PEMBE

Sasa tuje kwenye mali. Kijijini pale, mwenye akiba haiweki benki, anaifuga. Ng'ombe wao ni wa kahawia, makalio meupe, na miguu myeupe kama wamevaa soksi za shule. Dume akikua anageuka mweusi. Ada ya chuo ni ng'ombe, harusi ni ng'ombe, safari ya Maka ni ng'ombe.

Lakini ukipita uani kwa watu, huoni ng'ombe hata mmoja. Wako wapi? Wamekusanywa. Nje kidogo ya kitongoji kuna banda kubwa la mianzi na bati, ng'ombe kama 60 wa familia zaidi ya 30, wamepangwa mistari miwili, kila mmoja na kigingi chake. Jioni kila mwenye ng'ombe anakuja na mzigo wa majani kichwani au kwenye pikipiki. Usiku, wenye mali wanalinda kwa zamu. Lombok mabanda ya namna hii yako mengi, na kilichowasukuma kuyajenga ni wizi. Zamani mtu alifunga ng'ombe wake nyumbani kwake, mwizi akatoboa ukuta wa mianzi, kukicha umebaki na kamba. Wakaona heri waziweke "benki" zote mahali pamoja na kulala nazo.

Amaq alikuwa na madume mawili. Shabaha yake ilikuwa kumwandikisha mke wake kwa ajili ya Hija. Indonesia ukitaka kwenda Hija unaweka kwanza amana ya rupia milioni 25, unapewa namba, halafu unakaa kwenye foleni. Foleni yenyewe si ya wiki wala mwezi, inapita miaka 20. Inaq ana miaka 52. Piga hesabu mwenyewe.

Nikamuuliza kwa adabu, Inaq, na ukiitwa na Mola kabla ya namba yako kufika? Akacheka. "Namba inarithiwa, mwanangu. Nitamwachia mtoto." Na ni kweli, sheria yao inaruhusu nafasi ya marehemu kwenda kwa mrithi. Kwa hiyo madume mawili yale pale bandani hayakuwa nyama. Yalikuwa ni Maka, na yalikuwa ni urithi.

USIKU WA SAA NANE

Wiki ya pili zamu ya Amaq ikafika, nikasema na mimi nakwenda. Tukakaa watu 8 kwenye berugaq ya mlangoni mwa banda. Runinga ndogo, karata, kahawa ya mchele, moshi wa karafuu. Ukutani imening'inizwa kentongan, kipande cha gogo kilichochongwa uwazi katikati, ukikipiga kinalia mbali. Milio yake ina lugha. Kwa utaratibu wa ulinzi wa vijiji vya Indonesia, mapigo mawili mawili ni mwizi, matatu matatu ni moto, manne manne ni janga kama mafuriko, matano matano ni wizi wa mifugo. Siku hizi kuna simu na kipaza sauti cha msikiti, lakini gogo halihitaji chaji.

Kama saa nane usiku tukasikia, toka kitongoji cha jirani. Tano. Kimya. Tano. Kimya. Tano.

Ndugu yangu, usingizi ulinitoka wote. Ndani ya dakika tano pale njiani walikuwa wanaume si chini ya 80, wengine na msuli tu na tochi, wengi na mundu wa kukatia majani. Mimi nikapewa tochi na fimbo. Njia zote za kutokea zikazibwa.

Halafu ikaja pikipiki toka upande wa mashamba ya mpunga. Haina taa. Watu wawili, wa nyuma kajifunika msuli gubigubi. Mtu akapiga kelele, "Maling!" Yaani mwizi. Kundi likasogea kama maji. Pikipiki ikaanguka, kijana akanyanyua mikono, nikaona mwanzi umeshapaa juu hewani tayari kushuka.

Amaq akapita katikati. Ni mzee mfupi, mwembamba, kilo 50 hazifiki. Akashika usukani wa ile pikipiki iliyoanguka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hesabuni ng'ombe kwanza."

Watu wakaguna. Akarudia. "Hesabuni ng'ombe kwanza."

Banda letu likahesabiwa, wamo wote. Mkuu wa kitongoji akapiga simu kwa mwenzake. Dakika zile nilizihesabu kwa mapigo ya moyo. Jibu likaja: kule ng'ombe mmoja alikata kamba, kigingi kikaonekana kitupu, mlinzi akapiga gogo. Ng'ombe kapatikana kwenye mahindi ya watu, anakula.

Ndipo yule wa nyuma akafunua msuli. Binti! Miaka 22, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya pwani, nusu ya watu pale wanamfahamu na wanamfahamu baba yake. Analia na kucheka kwa pamoja. Wanaume 80 wenye mundu wakaangua kicheko kilichoamsha kuku wa kijiji kizima. Kijana kweli alikuwa ameiba, ila hakuiba ng'ombe.

MWIZI ANAYERUHUSIWA

Hii mila inaitwa merariq. Kwa Wasasak wengi, kijana haendi kuposa mchana na kaka zake na barua ya posa. Wanakubaliana na binti, halafu usiku "anamwiba" na kumficha kwa ndugu. Baadaye wanatumwa watu kumjulisha mkuu wa kitongoji cha binti na wazazi, hapo ndipo mazungumzo ya mahari yanaanza. Wazee watakwambia ukienda kumwomba binti kama unaomba mche wa pilipili, umemdharau baba yake. Mwishoni kuna maandamano ya kumrudisha kwao kwa salamu, na ngoma kubwa za gendang beleq zinazofunga barabara, dereva wa basi unazima injini unasubiri.

Msidhani yote ni raha. Mila hiyo hiyo imewachukua wasichana wadogo walio shuleni, na ndoa za utotoni ni tatizo lililopigiwa kelele sana Lombok. Sheria ya mwaka 2019 imepandisha umri wa msichana kuolewa toka miaka 16 hadi 19, sawa na mvulana. Ndiyo maana swali la kwanza la mkuu wa kitongoji usiku ule, baada ya kicheko, lilikuwa umri wa binti. Akaonyesha kitambulisho. Wakaruhusiwa waendelee na "wizi" wao, na taa ya pikipiki wakaambiwa wawashe.

Tuliporudi lindoni Amaq alikuwa hacheki. Akaniambia habari za mwaka 1998 na kuendelea. Rais Suharto ameanguka, fedha imeporomoka, polisi hawaonekani, wizi umetapakaa. Lombok yakazuka majeshi ya mgambo wa kujitolea, wanachama wakajiandikisha kwa maelfu, na watu waliodhaniwa wezi wakauawa. Kwa muda wizi ulipungua, ila mgambo wenyewe wakawa wa kuogopwa. "Kuna kijana hapa jirani alipigwa akafa," akasema. "Kesho yake ng'ombe akaonekana korongoni, amelala."

Akazima sigara. Hakuongeza neno.

Sisi tuna sungusungu wetu toka Usukumani na Unyamwezini, na mjini tunajua neno "mwizi!" likitamkwa sokoni kinachofuata ni mawe na tairi. Nadhani kila kundi la watu waliokasirika lingekuwa na mzee mmoja wa kusema hesabuni kwanza, wangapi wangekuwa hai leo.

DALALI KAJA NA KARATASI

Usalama wa ng'ombe wameuweza. Ardhi ndiyo ngoma nzito.

Kusini mwa Lombok kulikuwa kukavu, maskini, wageni hawaendi. Mwaka 2011 uwanja mpya wa ndege ukafunguliwa karibu na Praya. Serikali ikatenga eneo la utalii la Mandalika, zaidi ya hekta 1,000, na ndani yake ukajengwa uwanja wa mbio za pikipiki wenye urefu wa kilomita 4.3. Machi 2022 pikipiki za ubingwa wa dunia zikakimbia pale, mvua ikanyesha mbio zikachelewa zaidi ya saa nzima, akatokea mganga wa kuzuia mvua, mwanamke, anatembea peku mbele ya kamera za dunia na bakuli mkononi. Dunia ilicheka. Waliokuwa hawacheki ni wanakijiji waliokuwa wanalalamika kwamba ardhi yao ilichukuliwa bila malipo ya haki, malalamiko ambayo wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliyatolea tamko mwaka 2021.

Bei ya ardhi ikapaa, na madalali wakajaa kama nzi. Mmoja alinifuata mimi mwenyewe! Kaniona mgeni, kajua nina mshiko. Akaja berugani na ramani kwenye simu: kiwanja mlimani, unaiona bahari, mgeni huruhusiwi kumiliki lakini usijali, tunaandika jina la mwenyeji, wewe unabaki na mkataba wa pembeni.

Rafiki yangu aliyesoma sheria akanipa somo pale pale. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inasema umiliki kamili ni wa raia tu. Mgeni anaweza kupanga kwa miaka, au kupata haki ya kutumia kwa masharti. Ile mbinu ya kuazima jina la mwenyeji ni batili tangu siku ya kwanza, na ardhi yenyewe inaangukia serikalini. Kwa hiyo mwenye jina akikugeuka, unakwenda kumshitaki kwa karatasi ipi? Dalali aliposikia neno "batili" akamaliza kahawa, akaaga vizuri, akaondoka. Mtanzania asicheke, maana na sisi sheria yetu ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na majina ya kuazima huku kwetu yamejaa.

Dalali yule alikuwa ameshaonana na mdogo wake rafiki yangu. Dogo ana miaka 24, anataka familia iuze shamba la mpunga la are 20, kama nusu ekari, lililo karibu na barabara mpya. Anunue pikipiki ya maana, afungue mgahawa wa kahawa pwani. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Mpunga haulipi, vijana wenzake wamekwenda Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, dada zao wamekwenda Saudia kwenye kazi za ndani kama wasichana wetu wanavyokwenda Omani. "Nisipouza ardhi," aliniambia, "nitauza mgongo wangu nchi ya watu."

Amaq alimjibu mara moja tu, mbele yangu: "Ukiuza ng'ombe, mwakani unanunua ndama. Shamba utalinunua na nini?" Dogo akanyamaza, lakini hakukubali. Niliwaona wakila sahani moja bila kutazamana siku tatu.

NYUMBA YA FAHARI

Hela ya nje inapoingia kijijini inakwenda kwenye tofali. Nyumba ya asili ya Msasak ni ya mianzi na makuti ya majani marefu, sakafu ya udongo inayosuguliwa kwa kinyesi cha nyati ikang'aa, mlango mfupi unaokulazimisha uiname ukiingia. Nyumba ya tofali ndiyo fahari, ndiyo inaonyesha mtoto wenu yuko Malaysia.

Kisha likaja tetemeko. Tarehe 29 Julai 2018, kipimo cha 6.4. Tarehe 5 Agosti, 6.9, usiku, watu wako kwenye swala ya Isha. Zaidi ya watu 500 walikufa, wengi upande wa kaskazini, na kilichoua hasa ni kuta na paa za tofali na zege zilizojengwa bila nondo za kutosha. Vibanda vya mianzi viliyumba vikarudi. Kijiji chetu cha kusini kilitikisika tu, lakini dada yake Inaq anaishi kaskazini, nyumba yake mpya ililala chini yote. Yeye alinusurika kwa sababu alikuwa amelala berugani. Inaq mpaka leo, upepo ukiwa mzuri, anatandika mkeka nje.

KAMA UNAKWENDA

Kwa mwenye mpango wa kufika: vaa nguo za heshima ukitoka ufukweni, salamu ya Kiislamu itakufungulia milango, usiendeshe pikipiki peke yako barabara za kusini usiku sana kwani waporaji wapo, na ukilala kijijini mwambie mwenyeji akuripoti. Kiwanja usinunue. Pilipili omba pembeni.

Juzi rafiki yangu ameniandikia. Madume yameuzwa, Inaq amepata namba yake na ameiweka kwenye fremu ukutani pamoja na picha za watoto. Shamba bado lipo, hati imetoka kwa jina la Amaq. Dogo ameweka kibanda cha kahawa kwenye ukingo wa shamba, upande wa barabara, na nyuma yake mpunga umepandwa. Dalali anakunywa pale kila siku, analipa, na kila siku anauliza bei.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane toleo lijalo.